Ngozi ya Mpira

Picha ile ilipigwa kwa daktari wa meno. Dada yangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, shavu moja limevimba, mdomo umekwenda upande kwa ganzi, kichwani kafunga kitambaa changu cha nyumbani kwa sababu wigi lilikuwa linambana na jino lilishamtesa vya kutosha. Hakuwa na poda, hakuwa na wanja, hakuwa na chochote. Mtu mmoja asiye na kazi za kufanya, aliyekuwa kwenye foleni, akainua simu. Kabla ganzi haijaisha, picha ilikuwa imezagaa kila mahali.

Kwa wasiomfahamu, dada yangu ndiye yule mwanamke wa tamthilia ya jioni ambaye watu wote humwita Bibi Harusi. Kipindi cha kwanza kabisa kilianza na harusi yake, na shela lile halijawahi kuwatoka watazamaji vichwani. Tangu hapo amefiwa na waume wawili wa kwenye runinga, amefungwa jela, ametoroka hospitali, amepoteza mali na kuirudisha. Kuzeeka tu ndiko hakuruhusiwa. Mimi ni mdogo wake wa tumbo moja, na ndiye ninayempamba. Pale studio wananiita Mama Poda. Kazi yangu imekuwa kuziba, kunyoosha na kuficha, na kinachonishinda mimi humaliziwa na vijana wa kompyuta.

Watu waliandika kila walichojisikia. "Kumbe ajuza!" alisema mmoja. Mwingine akasema, "Mnaomtamani, mjue mnamtamani nyanya yenu." Nilisoma yale maneno jikoni kwangu huku nikitukana kwa sauti, peke yangu, mpaka mume wangu akaja kuuliza nagombana na nani. Dada hakumtukana mtu. Alisoma yote akiwa amebana pamba mdomoni, kisha akaiweka simu chini akaomba maji ya chumvi ya kusukutua.

Kilichomchoma kilikuja kesho yake. Bosi, mwenye kampuni ya tamthilia, alitoa tangazo kwamba picha ile ni ya kughushi, imetengenezwa kwa kompyuta na watu wenye wivu, na kwamba Bibi Harusi wa kweli ni huyu hapa. Chini ya tangazo wakaweka hiyo waliyoiita picha ya kweli, na hapo ndipo palipokuwa na balaa. Walikuwa wameisugua mpaka ngozi haikubaki hata na kitundu cha kupitisha jasho. Shingo ilikuwa imenyooka kama mguu wa meza. Katika kuondoa mkunjo wa chini ya sikio wakawa wameondoa na sikio lenyewe, hereni ikabaki inaning'inia hewani. Na watu wakashukuru! "Afadhali," waliandika, "tulijua tu siyo yeye."

Mchana shangazi yetu akapiga simu. Masikio yake mazito, hivyo huzungumza kwa kupiga kelele, na mimi niliyekaa upande wa pili wa meza nilisikia kila neno.

"Pole mwanangu kwa kuchezewa sura! Mimi nilijua siyo wewe. Yule wa kwenye picha kafanana na marehemu mama yenu mtupu! Wewe huna sura ile hata kidogo!"

Dada akasema ahsante shangazi, nashukuru shangazi, akakata simu. Halafu akalia. Dada yangu analipwa kwa kulia, anaweza kulia kwa jicho moja ukitaka, na halii vibaya hata siku moja. Siku hiyo alilia na makamasi yakamtoka, na hakuyafuta.

"Umemsikia?" aliniambia. "Sura ya mama ninayo, nimeachiwa bure. Halafu nimetangaziwa dunia nzima kuwa ni ya kughushi."

Sasa, msimu mpya wa tamthilia ulikuwa unaruka miaka. Bibi Harusi alitakiwa awe mama wa miaka sitini, mjane, anayemsubiri mwanawe aliyepotea. Dada sitini aliipita mwaka juzi, ila hilo halikuwa likitamkwa pale studio, hata kwa kunong'ona. Kwa hiyo Bosi akaagiza ngozi ya mpira kutoka ng'ambo: mashavu, mifuko ya chini ya macho, na shingo nzima yenye mikunjo, vyote vya kubandikwa kwa gundi. Mwanamke aliyepita sitini abandikwe mpira ili afanane na mwanamke wa sitini, tena juu ya poda niliyompaka ili asifanane naye. Nilipomweleza mume wangu alinigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu tupu. Nilibandika asubuhi nzima. Mikunjo ile ilikuwa mizuri, hilo sikatai, ila haikujua wakati wa kukunjika. Dada akicheka, mashavu yamebaki msibani. Akilia, machozi yanateleza juu ya mpira na kudondoka kama maji juu ya turubai. Taa zilipopata moto, shingo ikaanza kubanduka kwa nyuma ikitoa mlio, na fundi wa sauti akauliza kwa upole ni nani anayetoa mlio ule. Mwongozaji wetu, kijana mstaarabu lakini mwoga wa kila kitu, alikuwa anang'ata kucha mpaka nikamwonea huruma.

Bosi hakuzunguka mbuyu. "Keshokutwa ni jaribio la mwisho, na hapo hapo tunapiga picha ya bango," alisema. "Mpira ukikataa kumkaa, nafasi nampa mtu mwingine. Wazee wa kweli wako wengi, tena hawahitaji gundi."

Aliyasema hayo dada akiwa amesimama mbele yake.

Tulipobaki wawili kwenye chumba cha kupambia nikaanza kumbandua. Chini ya mpira ngozi ilikuwa imewiva na kutoka vipele. Nikampangusa poda, nikampangusa wanja, uso ukabaki mtupu mbele ya kioo chenye balbu pande zote. Dada akajitazama kwa muda mrefu. Akashika mkunjo wa shingo, akauvuta, akauachia.

"Keshokutwa nitaingia hivi," akasema.

"Hivi vipi?"

"Hivi unavyoniona. Utaninawisha uso, basi."

"Dada, ile ganzi ilikupanda kichwani?"

"Waache waamini kuwa ni mpira, mpaka nimalize kucheza. Nikimaliza nitawaambia mwenyewe."

"Na Bosi akikufukuza?"

"Atakuwa amenifukuza mimi. Hadi leo sijui kamwajiri nani."

Nilimkatalia. Nilimwambia maneno mengi, mengine ya kijinga: watu wana midomo, mkataba una masharti, na mimi ndiye nitakayeonekana nimelala kazini. Ukweli ni kwamba niliogopa. Uso ule naufahamu kuliko wangu, na miaka yote nimeulinda na macho ya watu. Kwangu ilikuwa kama ananiambia nimtoe barabarani bila nguo.

"Mbona wewe unatembea na shingo yako kila siku?" akaniuliza.

"Mimi nani ananijua?"

"Na huoni haya?"

"Haya ya nini? Shingo ni shingo." Lilinitoka kabla sijalifikiria.

Akacheka kwa mara ya kwanza tangu ang'olewe lile jino. "Basi na mimi nataka hiyo shingo ni shingo," akasema. Kisha akaacha kucheka. "Naitaka hii nafasi, mdogo wangu. Naitaka kuliko nilivyoitaka ile ya shela. Yule mama anayemsubiri mwanawe namjua, najua hata anavyoshika kikombe, na nikimcheza nikiwa ndani ya mpira nitakuwa nimemwua. Kama ni kukosa, nikose nikiwa na uso wangu."

Alikuwa amepiga moyo konde. Dada akishaamua jambo hubana midomo hivi, kama mtu aliyeshika pini za kushonea, na hapo hata umletee nani habadiliki. Nami nikakubali, kwa kununa.

Siku ya jaribio nilifunga mlango kwa ufunguo. Nikatandaza mashavu ya mpira mezani, nikafungua chupa ya gundi ili harufu ipite chini ya mlango, kisha tukakaa. Hatukuwa na la kufanya. Tukanywa chai, tukawasengenya wifi zetu, tukarudia kuwasengenya. Mara kwa mara mtu anagonga: "Mama Poda, bado?" Nami nafoka, "Bado! Shingo inasumbua!" Dada akapaliwa na chai.

Muda ulipokaribia nikamnawisha kwa maji ya uvuguvugu, nikampaka mafuta kidogo kwa ajili ya vile vipele, nikamvalisha gauni la mjane. Nywele nyeupe zilizochomoza kwenye paji nikataka kuzisukuma ndani ya kitambaa. Akanipiga mkono.

Tulipotokea kwenye ukumbi wa kurekodia, mazungumzo yalikatika. Pale kwetu ilikuwa mwiko kumwamkia dada. Bosi alikwisha kataza, alisema shikamoo inamzeesha msanii, kwa hiyo hata watoto wa shule waliokuja kutembelea walimwambia mambo vipi. Lakini fundi wa taa alipomwona anakuja alijisahau, akashuka ngazi na kusema, "Shikamoo, mama." Watu wakaangua kicheko kwa jinsi alivyodanganyika. Dada akaitikia "Marahaba, mwanangu," na alivyoitamka hiyo marahaba ungedhani ana njaa nayo.

Bosi akatuzunguka kama mnunuzi. "Mama Poda, leo ndiyo umefanya kazi! Tazama macho! Na haya mabaka ya mikononi, umeyachora moja moja?"

"Yalichukua muda," nikasema.

"Yanaonekana yalichukua muda."

"Mrefu sana, Bosi."

Akasema atalipeleka jina langu kwenye tuzo za wapambaji. Mwenye kamera akanipa mkono. Kichwa kikaanza kunivimba, na kwa dakika nzima niliamini kweli kuwa ile kazi nimeifanya mimi.

Kisha wakawasha taa na dada akacheza. Kwenye onyesho lenyewe dada hana maneno. Mama amekaa peke yake na kikombe cha chai, jirani anaingia na kumwambia mwanao yuko mlangoni. Dada hakuruka wala hakupiga yowe. Alitafuta mahali pa kukiweka kikombe na meza ilikuwa mbele yake. Mikunjo ya chini ya macho ilijikusanya kwanza, kisha ya mdomo, na nilipoiona nikasahau kabisa kuwa ni dada yangu. Chozi likaingia kwenye ule mfereji wa pembeni mwa pua, likasimama hapo, halafu likashuka lilivyotaka. Mwongozaji alisahau kusimamisha kamera. Alikuwa analia waziwazi, amejiziba mdomo kwa karatasi za maonyesho.

Alipojikusanya akaja mbele, amefurahi, anafuta macho. "Ni hivyo hivyo! Ni hivyo hivyo kabisa! Kitu kimoja tu. Shingo."

"Imefanya nini?" nikamwuliza.

"Imetiwa chumvi. Uso uko sawa, lakini mwanamke wa miaka sitini hawi na shingo namna hii. Haiaminiki. Mama Poda, naomba uibandue kidogo upunguze."

"Kweli, hata mimi nimeiona," Bosi akadakia. "Inatisha watazamaji."

Nilikuwa na sponji mkononi. Ningeweza kusema sawa, nikamrudisha chumbani, nikamvuta ngozi kwa nyuma na kuifunga kwa ile tepu nyembamba, kama nilivyomfanyia mara nyingi. Wangepata shingo wanayoitaka na siri ingebaki yetu. Nikamtazama dada, nikaona midomo imebanwa.

"Njoo uibandue mwenyewe," akamwambia mwongozaji.

"Mimi?"

"Wewe ndiye uliyeona imezidi. Tafuta gundi ilipoanzia."

Yule kijana akainama. Kwa vidole viwili akaushika mkunjo wa chini ya kidevu, akapapasa akitafuta ukingo wa mpira. Hakuupata. Akahamia kulia, akapanda hadi nyuma ya sikio, akashuka tena. Nikaona vidole vinapunguza mwendo. Ngozi ile ilikuwa ya moto, na chini yake mshipa ulikuwa unapiga. Akaacha kutafuta, ila mkono ukabaki pale pale, hajui aupeleke wapi.

"Sioni inapoishia," akasema kwa sauti ndogo.

"Inaishia kifuani," dada akamwambia, "lakini huko tusifike."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Bosi macho yakamtoka. "Ngojeni kwanza. Mpira uko wapi?"

"Mezani kwangu," nikasema. "Haujaguswa."

Fundi wa taa akaangalia viatu vyake. Bosi akamsogelea dada, akamchunguza upya vile vitu alivyokuwa akivisifia muda si mrefu, na kadiri alivyovichunguza ndivyo alivyozidi kukunja uso.

"Kwa hiyo ile picha ya kwa daktari..."

"Ni mimi. Niling'olewa gego. Wewe ukatangaza kuwa mimi ni wa kughushi, na yule asiye na sikio ndiye wa kweli. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na pamba mdomoni."

"Unajua watu watasema nini?"

"Watasema nimezeeka. Wameshasema. Nililala na nikaamka."

"Nimeiuza sura yako miaka yote hii—"

"Ile imekwisha, Bosi. Mimi bado nipo. Nimecheza au sijacheza?"

Dada akamgeukia mwongozaji. "Baba, nimecheza au sijacheza?"

Yule kijana mwoga akamgeukia Bosi. "Amecheza," akasema. "Bosi, mimi mpira siurekodi tena. Na mtu mwingine kwenye nafasi hii simtaki." Sauti ilimtetemeka, lakini aliyasema mpaka mwisho.

Bosi akaenda hadi mlangoni, akasimama huko ametupa mgongo, akarudi na mapatano. "Sawa. Kwenye tamthilia abaki hivi. Lakini picha ya bango itapita kwa vijana wa kompyuta. Kidogo tu. Shingo peke yake. Bango linakaa barabarani, kila mtu analiona."

Nikashusha pumzi. Nilidhani tumeshinda, nikamkonyeza dada akubali. Hata mimi na hasira zangu zote ningekubali. Yeye akaanza kufungua vifungo vya gauni la mjane.

"Unafanya nini?" Bosi akauliza.

"Nakurudishia gauni. Anayetaka shingo nyingine amtafute mwenye nayo."

Akafungua cha kwanza, akafungua cha pili. Nilikuwa karibu naye na niliona kifungo cha tatu kinamponyoka, maana aliitaka ile nafasi, aliitaka vibaya sana, na alikuwa anaiacha mbele ya macho yetu. Hakuacha kufungua. Nikamwonea fahari mpaka kifua kikaniuma. Nikaweka sponji chini, nikaenda nyuma yake kumsaidia vile vya mgongoni asivyovifikia.

"Mama Poda, na wewe?" Bosi akanishangaa.

"Mimi leo nipo kwenye vifungo."

Tulikuwa tumefika kiunoni Bosi alipopiga kofi kwenye paja lake. "Basi! Basi jamani! Mfungeni. Bango halitaguswa. Ila watu wakitucheka, mimi simo."

"Usiwemo," dada akasema.

Nikamfunga vifungo kimoja kimoja. Mpiga picha akasogeza kiti mbele ya kitambaa cheupe. Ni mzee wa kazi, amewapiga wasanii wote unaowajua, na kwa kila mwanamke aliyepita umri fulani ana maneno yale yale, kwa sababu kidevu kikiinuliwa shingo hunyooka. Akaweka jicho kwenye kamera, akarekebisha, na kwa mazoea tu, bila ubaya wowote, akasema, "Inua kidevu kidogo."

Hakuna aliyecheka. Dada akamtazama moja kwa moja ndani ya kamera. Akakishusha kidevu taratibu, mpaka mikunjo yote ya shingo ikajikusanya chini yake, akatulia.

"Piga," akasema.